Vikopo vyeusi chini ya ngazi, na damu ya watoto

Swali

"Shikamoo mtaalamu. Naishi Makorora, Tanga, nyumba ya wapangaji sita, na uani tuna mapipa yetu ya maji. Tangu masika yaanze homa imezagaa mtaani. Mume wangu alishikwa Jumatatu: kichwa, macho kwa nyuma, viungo vyote. Akapimwa malaria, haikuonekana, lakini dukani tukapewa dawa ya mseto na akachomwa sindano ya maumivu. Juzi wamekuja watafiti na wanafunzi wa chuo wakiongozana na mwenyekiti wa mtaa. Wamechota viluwiluwi kwenye mapipa, wameacha vikopo vyeusi vyenye maji chini ya ngazi, na wanaomba damu ya watoto wetu. Jirani anasema hao ndio wanaofuga mbu ili baadaye watuuzie dawa. Bibi yangu anasema ni mumiani. Mwingine anasema anayeugua dengue mara ya pili anakufa, hafiki mara ya tatu, na mimi niliugua mwaka 2019. Majani tumefyeka yote na watu bado wanaugua. Niwaruhusu au niwafukuze? Na huo usomi wao unatusaidia nini sisi? Mume wangu homa imeshuka tangu jana, alhamdulillahi, ila tumbo linamuuma na anatapika."

Jibu

Marahaba, mdogo wangu.

Ulilolitaja mwisho ndilo nililolishika kwanza, ndiyo maana nilikupigia simu siku ileile kabla sijaandika chochote. Nalirudia hapa kwa ajili ya kila mwenye mgonjwa ndani. Homa ya dengue, ile ya kirusi kinachoenezwa na mbu, hukaa kati ya siku 2 na 7, na wengi inapowashuka wanakuwa wamepona kweli. Kwa wachache, hapo ndipo hatari inapoanza. Kuta za mishipa midogo ya damu hulegea, majimaji ya damu yakavujia tumboni na kifuani, na damu inayobaki ikawa nzito huku shinikizo lake likishuka. Mtu anakuwa hana joto hata kidogo, watu wa nyumbani wamefurahi, kumbe anaishiwa maji kwa ndani. Kipindi hicho huchukua saa 24 hadi 48. Dalili zake ni hizo ulizoniandikia, tumbo kuuma sana na kutapika mfululizo, na nyingine ni fizi au pua kutoka damu, choo cheusi, mikono na miguu kupoa, mkojo kuadimika, mtu mzima kuhangaika bila kutulia au mtoto kulala usingizi usio wake. Ikionekana hata moja, mgonjwa aende hospitali muda huohuo, iwe saa nane ya usiku. Duka la dawa haliwezi kazi hiyo. Mume wako alikaa kwenye dripu siku 2 na amerudi nyumbani, namshukuru Mungu pamoja nawe.

Na ile sindano ya maumivu isirudiwe. Diklofenaki, aspirini na ibuprofeni huongeza uwezekano wa mtu kutoka damu, na dengue yenyewe inakuwa imeshapunguza chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda. Maumivu yatulizwe kwa parasetamoli peke yake, kwa kipimo chake, na mgonjwa anywe sana: maji, uji mwepesi, madafu, maji ya ORS. Dawa ya mseto ni nzuri mno kwa malaria. Kwa mtu ambaye kipimo hakikuona malaria haifanyi kitu, ila kumpotezea siku 3 akidhani anatibiwa. Majani ya mpapai, ambayo najua yanapondwa sana mtaani kwenu, yamewahi kujaribiwa na wanasayansi, na zipo tafiti ndogo zilizoona chembe sahani zikipanda mapema kidogo. Kwamba yanamzuia mtu kufikia hali mbaya, hilo halijathibitishwa. Anayetaka kunywa sitagombana naye, mradi asiyafanye sababu ya kuchelewa hospitali.

Haya, tuje kwa wageni wako.

Bibi anaposema mumiani, naomba mtu asimcheke. Hofu hiyo ina mizizi katika pwani hii, na baadhi ya mizizi yake tuliipanda sisi watu wa utafiti. Chukua mfano wa matende na mabusha. Minyoo inayoleta maradhi hayo huzaa vijidudu ambavyo mchana hujificha ndani kabisa ya mwili, kwenye mapafu, na usiku hutoka kwenye damu ya pembeni, saa ambazo mbu wao anauma. Anayetaka kuviona chini ya darubini hana budi achukue damu usiku. Kwa hiyo pwani ya Tanga ilizoea wageni wenye taa na visindano wakigonga milango watu wakiwa wamelala. Kisayansi walikuwa sahihi kabisa. Sasa mwanamke aliyegongewa mlango usiku wa manane, akatobolewa kidole, hakuambiwa kwa nini usiku, na hakuletewa majibu kamwe, ulitaka aseme nini kwa wajukuu wake? Akatumia neno alilokuwa nalo.

Nakwambia haya kwa sababu ndiyo jibu la swali lako la usomi. Naamini unamdai mtaalamu jambo moja kabla ya dawa, chandarua au tangazo la gari lenye kipaza sauti: akueleze kwa nini. Amri bila sababu hufa mvua ya pili. Mtu aliyeelewa ataendelea kufanya hata wageni wakishaondoka, na atajua pia la kufanya pale ambapo amri haikufika.

Ushahidi uko uani kwenu. Mmeambiwa "safisheni mazingira", mkafyeka majani yote. Mmefanya kazi ya jasho na hamkumgusa mbu mwenyewe. Mbu wa malaria, anofelesi, hutaga kwenye madimbwi na maji yaliyotuama juani. Kuleksi, yule wa kelele usiku na mchukuzi mmojawapo wa matende, anapenda maji machafu ya mitaro na vyoo. Huyu wa dengue ni wa tatu: edesi, mdogo, mweusi, mwenye milia myeupe miguuni. Ni mbu wa nyumbani. Anataka maji safi yaliyotulia ndani ya chombo: pipa, ndoo, mtungi, sahani ya chungu la maua, tairi chakavu, kifuu cha nazi kilichotupwa baada ya kukuna. Anapumzika gizani, nyuma ya nguo zilizotundikwa na chini ya kitanda. Anauma mchana, zaidi asubuhi na jioni kabla jua halijazama. Na hasafiri. Wengi wao hawaendi mbali zaidi ya mita mia chache kutoka walipozaliwa, kwa hiyo aliyemuuma mume wako pengine alizaliwa kwenye pipa lenu au la jirani wa ukuta.

Halafu kuna mayai. Edesi hayatagi juu ya maji, huyabandika kwenye ukuta wa chombo, juu kidogo ya usawa wa maji. Pipa likikauka, mayai hayafi. Yanaweza kukaa makavu kwa miezi, na maji yakipanda tena yanaanguliwa. Ndiyo maana kumwaga maji peke yake hakutoshi. Mwage, kisha msugue ukuta wa ndani kwa brashi au kumbi la nazi, hasa pale kwenye mstari wa utelezi, ndipo mjaze tena na kufunika kwa kitambaa kilichofungwa mpira pembeni pasibaki upenyo. Fanyeni hivyo kila wiki, kwani kutoka yai hadi mbu anayeruka ni kama siku 7 hadi 10 katika joto letu. Wapangaji sita mkipangiana zamu ya Jumamosi, kila mmoja itamfikia mara moja katika wiki sita.

Watafiti wanapochota viluwiluwi kwenye mapipa yenu, hicho ndicho wanachokitafuta: chombo kipi hasa kinazaa. Kila mahali walikohesabu kwa makini imeonekana kwamba vyombo vichache ndivyo vinavyotoa mbu wengi. Huenda uani kwenu kuna vitu thelathini vyenye maji na kosa lote liko kwenye mapipa mawili. Ukilijua hilo umeokoa nguvu. Ni kweli pia, kama jirani alivyosema, kwamba wanafuga. Wale viluwiluwi hulelewa maabara ndani ya vizimba vya chandarua mpaka wawe mbu, ili watambuliwe ni aina gani, wapimwe kama wamebeba kirusi, na ijulikane kama dawa za kupuliza bado zinawaua. Jirani hakutunga. Aliona nusu ya kazi, na nusu ya pili hakuelezwa.

Sasa vikopo vyeusi, vinavyowatia watu wasiwasi kuliko vyote, na kwa haki. Hiyo ni mitego ya mayai. Edesi anavutwa na chombo cheusi chenye maji kivulini. Ndani huwekwa kipande cha kitambaa au karatasi ngumu, jike anataga hapo, na mtafiti anakuja kukichukua na kuhesabu. Idadi ikipanda wiki hadi wiki, tunajua mbu wanaongezeka kabla wagonjwa hawajaongezeka. Ni chombo rahisi na cha maana. Lakini nitakwambia ukweli wake wote: mtego uliosahaulika ni pipa dogo. Ukipitisha wiki bila kuchukuliwa, unaanza kuzaa mbu uliowekwa kuwahesabu. Miaka mingi nyuma, katika kijiji kimoja cha pwani, timu niliyokuwamo ilichelewa kurudi kwa sababu gari liliharibika. Tulipofika siku ya 12, mzee mmoja alitushika mkono, akatuonyesha kikopo chetu kikiwa kinatoa mbu, akauliza, "Haya ndiyo mliyotuletea?" Hatukuwa na jibu ila kuomba radhi. Tangu siku ile siweki mtego bila kumwambia mwenye nyumba: ukifika siku ya 7 sijarudi, mwaga maji, sugua, na kikopo ni chako.

Kuhusu damu, kiasi kinachochukuliwa kwa mtoto katika tafiti za namna hii ni kidogo, mara nyingi mililita chache. Kijiko kimoja cha chai ni mililita 5. Kwa nini watoto, wakati anayeumwa ni baba? Kwa sababu mtoto ni kalenda. Watu wengi wanaoambukizwa dengue, kama watatu katika kila wanne, hawaugui kabisa au wanaugua kidogo wasijue. Hospitali haiwaoni. Lakini mwili ukishakutana na kirusi huacha kingamwili, yaani askari wa ulinzi ndani ya damu, na hizo hukaa miaka. Ukizikuta kwa mtu wa miaka 40, hujui alizipata lini. Ukizikuta kwa mtoto wa miaka 4, unajua kwa hakika kirusi kimepita mtaani ndani ya miaka hiyo 4, hata kama hakuna aliyetangaza mlipuko. Damu ya mwanao inaeleza historia ambayo daftari la zahanati halina.

Ila kuruhusu ni hiari yako, na mtoto wako hapungukiwi huduma yoyote ukikataa. Utafiti wa afya hapa nchini unatakiwa uwe na kibali cha maadili, na NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1979, ndiyo yenye kamati ya taifa inayopitia maombi hayo. Waambie wakuonyeshe barua. Wakusomee fomu ya ridhaa kwa Kiswahili unachokielewa, wakuachie nakala. Uliza damu itapimwa nini, itatunzwa wapi na kwa muda gani, kama itasafirishwa nje, na majibu ya mtoto wako utayapata au la. Hilo la majibu wengi hawaulizi. Kuna tafiti ambazo majibu ya mtu mmojammoja hayarudi, yanarudi ya mtaa mzima tu. Si dhambi, ila ulijue kabla ya kuweka saini, si baada. Mtafiti wa kweli hachukii maswali haya. Akikuharakisha au akakutisha kwamba mwenyekiti ameshakubali kwa niaba yenu, mkatalie, na nakuunga mkono. Mwenyekiti anaweza kumruhusu mtu kuingia mtaani, lakini mwili wa mwanao hana mamlaka nao.

Mimi ningewaruhusu, kama majibu yao yanaridhisha. Mkoa wako una historia ndefu katika kazi hii. Kule Amani, juu ya Muheza, Wajerumani waliweka kituo cha utafiti wa mimea mwaka 1902, na baadaye pakawa mahali pa kuchunguza malaria na wadudu waenezao magonjwa. Korogwe na Bagamoyo ndizo zilizokuwa sehemu mbili za Tanzania katika jaribio kubwa la chanjo ya malaria ya RTS,S, lililohusisha zaidi ya watoto 15,000 katika nchi 7 za Afrika. Shirika la Afya Duniani lilipoipendekeza chanjo hiyo mwaka 2021, lilikuwa limesimama pia juu ya uamuzi wa akina mama wa Korogwe, ambao nao walikuwa na bibi zao na majirani zao wa kuwatia hofu.

Nije kwenye hofu yako mwenyewe, ya mara ya pili. Aliyekwambia amezidisha, ila hakuanzia hewani. Virusi vya dengue viko vya aina 4. Ukiugua aina moja, unapata kinga ya kudumu dhidi ya aina hiyo, na kinga ya miezi tu dhidi ya nyingine. Miaka ikipita, aina nyingine ikiingia, kingamwili zako za zamani humshika mgeni bila kumdhibiti. Chembe za ulinzi zinammeza akiwa ameshikwa hivyo, kumbe ndani ya chembe hizo ndimo anamozaliana. Kinga yenyewe inakuwa imemfungulia mlango. Kwa hiyo maambukizi ya pili yana hatari kubwa kuliko ya kwanza, hilo ni kweli. Lakini hata hivyo wengi wa wanaoambukizwa mara ya pili wanapona bila kufikia hali mbaya, na hata wenye dengue kali, wakihudumiwa mapema na vizuri, wanaofariki ni chini ya mmoja katika mia. Wewe uliyeugua 2019 una sababu ya kuwahi kituo cha afya siku ya kwanza ya homa na kusema waziwazi, "Nimewahi kuugua dengue." Huna sababu ya kuandika wosia.

Na hapo maabara za vyuo zinaonyesha faida yao. Mlipuko wa Dar es Salaam wa 2014 ulikuwa wa aina ya 2. Ule wa 2019, uliofika na Tanga, na nchini ukathibitika kwa zaidi ya watu 6,000, ulitawaliwa na aina ya 1. Kwa macho ya daktari wodini homa ni ileile. Mtu anayesoma vinasaba vya kirusi ndiye anayeweza kusema aina imebadilika, na kwa hiyo walioumwa zamani waangaliwe kwa karibu zaidi.

Wataalamu nao hukosea, nisikufiche. Wazee wetu wa pwani walikuwa na neno kidingapopo, au kidinga pepo, kabla hospitali haijawa na neno lolote. Daktari Mwingereza aliyefanya kazi Unguja, James Christie, aliandika mwaka 1872 juu ya homa iliyokuwa imeukumba mji, na wazee wakamwambia waliwahi kuiona mwaka 1823. Inadhaniwa neno dengue lenyewe limetoka huku kwetu. Muda mrefu vitabu vilihesabu milipuko ile kuwa dengue. Leo wasomi wengi, wakisoma jinsi wagonjwa walivyoelezwa, wanaona ilifanana zaidi na chikungunya, homa ya mbu huyuhuyu, ambayo ilitambuliwa kwa mara ya kwanza uwanda wa Wamakonde, Newala, mwaka 1952 na 1953, na jina lake ni la Kimakonde, la mtu kukunjika kwa maumivu ya viungo. Wazee waliyashika maelezo vizuri kuliko madaktari walivyoyapa jina. Kwa hiyo bibi akianza kusimulia homa za zamani, na hao wanafunzi wa chuo wakae chini waandike.

Mambo machache ya haraka. Dengue haiambukizwi kwa kikohozi, kula sahani moja wala kumuuguza mtu. Chanjo zipo duniani, ila hazimo kwenye ratiba yetu ya kawaida. Kuhusu vipimo, kile kinachotafuta kirusi chenyewe kinafaa siku 5 za mwanzo, kile cha kingamwili kinaanza kusema kweli baada ya hapo, kwa hiyo mwambie mpimaji homa ilianza siku gani, la sivyo kipimo sahihi kitatoa jibu lisilo sahihi. Ukikwama, namba ya Wizara ya Afya ni 199.

Na jambo moja ambalo karibu kila nyumba inalikosa. Mgonjwa wa dengue alale ndani ya chandarua mchana. Kirusi hujaa katika damu yake tangu siku moja au mbili kabla ya homa hadi kama siku 5 baada ya homa kuanza. Mbu akimuuma wakati huo, baada ya siku 8 hadi 12 mbu huyo anakuwa tayari kuambukiza, na ataendelea hivyo mpaka afe. Tumezoea kukunja chandarua asubuhi kwa sababu ya mbu wa malaria, wa usiku. Kwa huyu wa milia, chandarua cha mchana juu ya mgonjwa mmoja ni ulinzi wa wapangaji wote sita.

Kabla hawa watu hawajamaliza kazi, mwombe mwenyekiti aitishe kikao, nao waahidi mbele ya watu tarehe ya kurudi na majibu: vyombo vipi vinazaa, mbu ni wangapi, kirusi kimeonekana au la. Tarehe hiyo iandikwe kwenye daftari la mtaa. Na leo jioni chungulia vile vikopo chini ya ngazi. Huwa vinaandikwa pembeni siku vilipowekwa. Ikifika ya 7 hawajaja, unajua la kufanya.